Ramani ya Damu ya Mdogo Wangu

Nyumbani kwetu Kamina ugonjwa wa damu wa mdogo wangu wa kike uliitwa kwa herufi mbili tu, SS, na hatukuupa jina jingine. Watoto wawili waliozaliwa kati yangu na yeye walizikwa kabla ya kuanza shule. Yeye alifika miaka ishirini na tatu, na mama alikuwa bado anamchunga kama mtoto mchanga. Alikuwa mwembamba, na weupe wa macho yake ulikuwa na umanjano. Alifundisha darasa la pili katika shule ya kanisa letu la Kimetodisti. Siku ambazo mifupa haikumuuma, hakuna mwalimu aliyekuwa mkali kama yeye. Siku ilipomuuma, alilala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji kwa sababu ya ubaridi wake, akauma ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, na hakutaka mtu yeyote amguse.

Mimi nilikuwa kaka yake mkubwa, yule aliyesomeshwa. Baba alikuwa karani wa reli, na kabla ya kufa aliniambia niende mbali kadiri masomo yatakavyonipeleka. Nilimaliza kemia Lubumbashi, nikapata nafasi katika maabara moja huko Ubelgiji. Nilipoulizwa nataka kuchunguza nini, nilisema utando wa chembe nyekundu za damu, ile ngozi nyembamba inayofunika kila chembe. Profesa wangu aliandika sababu za kisayansi kwenye fomu. Sababu yangu mimi alikuwa amelala sakafuni Kamina.

Mashine tuliyotumia iliitwa hadubini ya nguvu za atomi. Haitazami kwa mwanga kama hadubini ya hospitali. Inapapasa. Ina ncha kali mno, isiyoonekana kwa macho, mwishoni mwa kijibao chembamba kinachonyumbuka. Ncha hiyo hupitishwa juu ya kitu mstari kwa mstari, jinsi kipofu anavyopitisha kidole usoni pa mtu. Ikipanda, kijibao kinapinda, ikishuka, kinarudi, mwali wa leza unaoangukia mgongoni mwake unapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta inachora. Kinachotoka kinafanana na ramani ya nchi: vilima, mabonde, na pembeni ngazi ya rangi inayoonyesha urefu wa kila kilima. Mashine yetu ilikaa juu ya bamba zito la jiwe lililoning'inizwa kwa mipira, maana hata lori likipita barabarani mistari ilitikisika. Tena ilibidi ncha iguse kwa wepesi sana. Ukiikandamiza kupita kiasi, utando unachanika, na unabaki unapima tundu ulilolitoboa wewe mwenyewe.

Miaka miwili kabla ya vita, sista mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao Ulaya aliniletea vichupa vitatu vya damu ya mdogo wangu, iliyochanganywa na dawa ya kuihifadhi. Nilitandaza matone yake juu ya vipande vya ulanga, lile jiwe linalobanduka karatasi kwa karatasi hadi uso wake unakuwa laini kuliko kioo. Majira yote ya baridi nilikaa nayo. Chembe ya mtu mwenye afya ni mviringo, imebonyea katikati kama sahani. Za kwake nyingi zilikuwa zimevutika zikawa ndefu, zimechongoka pande mbili, na juu ya utando kulikuwa na vinundu na vishimo ambavyo sikuviona nilipoipima damu yangu mwenyewe. Siku nilipopata picha safi ya kwanza nilifurahi kiasi cha kuwaita wenzangu waje kuona. Baadaye, njiani kuelekea chumbani kwangu, nilikumbuka nilichokuwa nimekifurahia, nikatembea kilomita nzima nikiwa nimefungua koti kwenye baridi.

Nilirudi Kamina mwezi wa saba kwa likizo ya wiki sita. Nilibeba picha nne kubwa za rangi, zimekunjwa ndani ya mrija wa karatasi ngumu. Nilitaka mdogo wangu azione. Nilimtandazia mezani, mama akaweka mawe kwenye pembe zisijikunje, na yeye akainama, akazitazama moja moja.

"Yaya, hii njo minyi?" aliniuliza; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Nilimwambia ndiyo, ni yeye, chembe moja kati ya nyingi zisizohesabika. Akaweka kidole kwenye ile ndefu iliyochongoka, akasema inafanana na mtumbwi wa wavuvi wa Kinkondja, tena mtumbwi uliolemewa na samaki. Aliniuliza kama kuna dawa inayoweza kuunyoosha. Nilimwambia bado. Aliniuliza kama mashine ile itaileta dawa hiyo. Nilimwambia labda, kwa wengine, baadaye. Aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu lisilo kamili lakini lisilo la uongo, akachemsha unga wa muhogo kidogo ukawa gundi, akazibandika picha zote nne ukutani sebuleni.

Hapo ndipo nilipokosea, na nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria kosa hilo. Nilijivuna. Kila mgeni aliyeingia nilimwonyesha. Wanakwaya, walimu wenzake, majirani, hata watu nisiowajua waliokuja kumsalimu mama baada ya ibada, wote niliwasimamisha mbele ya ukuta ule nikawaeleza vilima na mabonde. Waliitikia kwa vichwa. Sidhani hata wawili kati yao walinielewa, lakini wote waliona kitu kimoja: ramani kubwa za rangi zilizotoka Ulaya.

Mwezi wa nane redio ilitangaza kwamba vita vimeanza mashariki, na baada ya siku chache ikasema vimefika pia magharibi. Ndege za abiria zilikoma. Treni ya kutoka Lubumbashi ilikaa njiani siku nyingi, kisha ikaacha kuja kabisa, na mabehewa yaliyokuwepo yakachukuliwa na basoda, ndivyo tunavyowaita askari kwetu. Juu ya mji ndege za kijeshi zilipita chini chini zikielekea kambini, mabati ya paa yakilia. Watu walianza kutazamana usoni na kuulizana asili zao. Likizo yangu iliisha nikiwa bado nasubiri njia ya kutoka, na kwa kweli nilianza kuona haya kuitafuta, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameanza kuumwa.

Mara hii haikuwa mifupa tu. Macho yalizidi manjano, mkojo ukawa kama chai nzito, na siku ya tatu hakuweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Tulimbeba hospitali kwa machela ya kikwembe na miti miwili. Daktari alimshika kope, akasema anahitaji damu, na upesi.

Maabara ya hospitali ilikuwa chini ya mtu mmoja, laboranti mwenye umri wa baba yangu, Mkatoliki wa familia ya wakulima wa vijijini, mtu wa maneno machache. Hadubini yake ilikuwa na kioo cha kuelekeza jua, kwa kuwa umeme haukuwepo. Alichukua damu ya mdogo wangu, akaichanganya na damu ya kila aliyejitolea, tone kwa tone, juu ya kigae cheupe. Mdogo wangu alikuwa ameongezewa damu mara nyingi tangu utoto wake, na mwili wake ulikuwa umejifunza kuipiga vita damu ya wengine. Wanakwaya tisa walikuja. Damu zote tisa ziligandamana pale juu ya kigae, zikawa chembe chembe kama maziwa yaliyoharibika. Ya mama ilikubali, lakini mama alikuwa ametoa mwezi wa tano, na tangu hapo malaria ilikuwa imemshika mara mbili. Laboranti alimvuta kope na kukataa. Ya kwangu ilibaki laini.

"Njo weye," laboranti aliniambia. "Muntu mwingine haiko."

Mfuko wa kuwekea damu haukuwepo. Yote ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya majeruhi. Alisema anajua zahanati moja ya misheni kijijini ambayo huenda ina mfuko mmoja au miwili, ataenda kwa baiskeli, nami nije asubuhi ya Jumanne. Hiyo ilikuwa Jumapili.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani nikimchemshia mdogo wangu uji wa kumpelekea. Askari watano waliingia bila kubisha. Mmoja alikwenda moja kwa moja ukutani, kama mtu aliyeambiwa aende wapi, akaanza kubandua picha kwa ncha ya kisu. Wengine walipekua vitabu vyangu na daftari langu la maabara, lililojaa tarakimu. Sikuwahi kujua nani alisema. Huenda hakuna aliyesema kwa nia mbaya.

Walinipeleka kwenye bohari moja la reli, jengo la mabati ambalo baba aliwahi kufanyia hesabu za mizigo, na mchana wakaniweka mbele ya afisa wao. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Aliniambia amesomea kuongoza ndege katika nchi ya kigeni, kwa hiyo ramani ni kazi yake, nisijaribu kumchezea. Picha zangu zilikuwa zimetandazwa mezani kwake, na juu yake kulikuwa na rula na bikari.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

Nilimwambia si mahali. Ni uso wa chembe moja ya damu. Nilimweleza mashine, ncha, leza, kama nilivyowaeleza wageni wa mama, lakini nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa ya kipuuzi ndani ya bohari lile. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka ncha ya bikari kwenye kona ya picha, palipokuwa na mstari mfupi mweusi na maandishi madogo yanayoonyesha kipimo.

"Mia tano nm," alisoma. "Hizi herufi nazijua tangu nikiwa mwanafunzi. Ni maili za marubani. Umeandika mwenyewe maili mia tano, halafu unaniambia ni damu?"

Nilimwambia hapo nm ni nanomita. Akaniuliza nanomita ni nini. Nikamwambia achukue milimita moja aigawanye mara milioni. Alivua miwani, akanitazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Aliniuliza nani anaweza kuthibitisha habari hizi. Nilisema mwenye damu hiyo, mdogo wangu, yuko hospitali. Akasema mgonjwa si shahidi. Nikamwambia basi aniruhusu saa moja tu, kesho, chini ya bunduki kama anataka, nikatoe damu, kwa sababu katika mji mzima damu inayomfaa ni yangu. Alikunja picha zangu taratibu, kwa uangalifu kuliko nilivyozikunja mimi, akasema kila mpelelezi ana ndugu mgonjwa.

Jumanne ilipita. Nililala juu ya magunia matupu ya mahindi pamoja na wanaume wengine sita, wavuvi na wafanyabiashara waliokamatwa kwa kukosa vitambulisho. Sikuwa na uwezo wa kukaa. Nilitembea kati ya ukuta na ukuta nikihesabu jinsi damu inavyopungua mwilini mwake, maana nilijua hesabu zake; nilijua kila chembe inaishi siku ngapi kwa mtu mwenye afya na kwa mtu kama yeye, na nilijua utando unavyopasuka. Nilikuwa naona kwa macho yangu yaliyofumbwa kila kitu kinachotokea ndani ya mishipa yake, hadi kwenye vinundu, na sikuweza kutoka nje ya mlango wa mabati. Mvuvi mmoja aliniomba niache kutembea. Nilikaa. Baadaye kidogo nilijikuta nimesimama tena.

Mama alikuja kila siku mchana na bukari, ugali wetu, kwenye bakuli. Hakuruhusiwa kuingia, lakini nilisikia sauti yake kupitia mabati. Alimwita mlinzi papa, yaani baba, ingawa angeweza kumzaa, akamwomba, akamwambia tena na tena habari ileile ya damu. Alipomaliza aliimba wimbo wa kanisa mmoja, beti zote, kisha akaondoka. Mlinzi alizoea. Siku ya nne alinipa bakuli akasema mama amemwambia kwamba mgonjwa hatambui watu tena.

Siku ya tano laboranti alikuja. Alikuwa amevaa koti lake jeupe na amebeba mfuko wa damu mtupu, sindano na mpira, ndani ya kibakuli cha kuchemshia vyombo. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa amekaa mlangoni kwa afisa tangu alfajiri. Hakubishana naye juu ya ramani. Alimwambia hajui mambo ya ramani, wala haombi mfungwa aachiwe. Anaomba damu yake tu, mfungwa abaki. Afisa alifikiri, akasema hilo halikatazwi na amri yoyote anayoijua.

Nilikaa juu ya magunia, mgongo ukutani. Mvuvi yule aliyenikataza kutembea aliushikilia mfuko chini karibu na sakafu, damu iteremke vizuri. Askari wawili walisimama juu yetu na bunduki zao, mmoja akitazama pembeni kwa kuogopa damu. Mfuko ulijaa polepole. Laboranti aliufunga, akaufunika kwa taulo lenye maji, akauweka kwenye kikapu cha baiskeli yake. Nilimuuliza kama bado kuna nafasi.

"Sijui, mwana wangu," alisema. "Niache niende."

Nilimsikia akikanyaga changarawe ya njia ya reli, kisha sikumsikia tena. Siku tatu zilizofuata mama hakuja. Chakula kilinifikia kwa mkono wa mwanakwaya mmoja, ambaye mlinzi hakumruhusu kusema neno. Nilijaribu kuisoma habari kwenye chakula: bukari ilikuwa laini, na juu yake kulikuwa na kipande cha samaki mkavu, hivi watu wenye msiba wanapika samaki? Nilibishana na nafsi yangu juu ya kipande kile mchana mzima.

Siku ya tisa afisa aliniita. Kulikuwa na mgeni pamoja naye, daktari wa jeshi aliyekuwa akipita kuelekea upande wa mapigano. Mgeni huyo alikuwa ameshika picha moja na kutabasamu. Aliniuliza maswali mawili matatu kwa Kifaransa, kuhusu ncha na kuhusu ulanga, nami nikajibu. Akamwambia afisa kwamba ni kweli, alikwisha kusoma habari za mashine kama hiyo. Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Afisa alinirudishia daftari langu na kitambulisho, akasema picha zitabaki kwa faili. Hakuomba radhi, na mimi sikuwa na nguvu ya kuingoja.

Nilikimbia hadi hospitali. Kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine, mwanamke aliyekimbia vita kutoka kaskazini na mtoto wake mgongoni. Nilisimama pale nikimtazama, naye akafikiri nataka kumtoa, akaanza kukusanya vitu vyake. Muuguzi alinishika mkono, akaniambia niende nyumbani. Walikuwa wamemzika jana yake mchana.

Yaliyotokea katika siku hizo nilielezwa na mama, kidogo kidogo, kwa wiki nyingi. Mfuko ulifika kwa wakati. Jioni ileile mdogo wangu alifungua macho, na kesho yake aliomba kuketi. Alisukwa nywele. Alikula samaki, na ndiye aliyesema kipande kimoja kipelekwe bohari. Mama hakuja kwangu siku hizo kwa sababu hakutaka kumwacha hata dakika moja wakati anazungumza. Walipomwambia kwamba askari wameng'oa picha ukutani wakidhani ni ramani, alicheka hadi akashika mbavu.

"Sasa basoda banajua njia yote ya damu yangu," alisema. "Nitajificha fasi gani?"

Siku ya tatu homa ilimrudia, kifua kikabana, na laboranti aliyekuwa anatafuta mfuko wa pili hakuupata. Ulikuwa mfuko mmoja tu. Mama alisema mdogo wangu hakulia. Alisema aliuliza mara mbili kama nimekula.

Sikurudi Ubelgiji. Njia ilipofunguliwa kupitia Zambia, barua ya profesa ilinifikia. Ilikuwa barua nzuri, yenye huruma, na ilisema nafasi yangu imepewa mwingine kwa kuwa mradi haukuweza kungoja. Niliisoma mara moja. Wakati huo nilikuwa tayari nafanya kazi na laboranti. Tulianza daftari la watu wa mji wanaokubali kutoa damu, kanisa kwa kanisa, Wametodisti na Wakatoliki, na wakimbizi waliofika wakiwa na nguvu. Wengine tuliwaokoa. Sikuwahi kujisikia vizuri kwa hilo kama watu walivyotarajia nijisikie. Kila mgonjwa wa SS aliyeinuka kitandani nilimwangalia nikajiuliza kwa nini yeye.

Mama hakunilaumu. Alinipikia, aliniombea, aliwaambia watu kwamba mwanawe alitoa damu akiwa kifungoni. Ukuta wa sebule ulibaki na mabaka manne ya gundi ya muhogo, naye alipita mbele yake kila siku bila kuyatazama. Karibu mwaka mzima ulipita hivyo. Kisha siku moja mchana tulikuwa uani tunamenya mihogo, yeye na mimi, na bila kuinua kichwa alisema:

"Basoda, minyi sikubakasirikia. Nilikukasirikia weye."

Nilimwambia najua. Aliniuliza kwa nini nilizionyesha kwa kila mtu. Nilianza kujibu kwamba nilitaka watu waone jinsi alivyokuwa, jinsi alivyokuwa wa ajabu ndani yake, lakini niliacha katikati, nikasema tu kwamba nilijivuna. Alikubali kwa kichwa. Alichukua muhogo mwingine kutoka kwenye beseni, akaupasua, akautazama kama umeoza, akanipitishia nusu yangu.

Tulimenya hadi beseni likaisha.